Jina la Mtoto Masikioni mwa Watu

Jina la mtoto mchanga likitajwa kwa mara ya kwanza, wanaolisikia huwa na maoni papo hapo. Jina moja husifiwa kuwa tamu, jingine huonekana zito, la kizee au la kujidai. Mara nyingi hukumu hiyo hutolewa kabla mtu hajauliza maana ya jina wala sababu ya wazazi kulichagua. Vyanzo vyake ni viwili. Cha kwanza ni sauti zenyewe: jinsi zinavyotamkika, jinsi zinavyofuatana, na jinsi zinavyofanana na sauti za majina ambayo sikio limekwisha kuyazoea. Cha pili ni kumbukumbu ya watu wanaojulikana kwa jina hilo, na katika karne iliyopita sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo imetokana na filamu, nyimbo, runinga na michezo.

Jambo hili limechunguzwa sana Marekani, kwa kuwa takwimu zake ni nyingi na ziko wazi. Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya nchi hiyo huchapisha kila mwaka orodha ya majina ya watoto, na kumbukumbu zake zinaanzia kwa waliozaliwa mwaka 1880. Jina lolote lililopewa watoto wasiopungua 5 wa jinsia moja katika mwaka mmoja huingia humo. Kwa hiyo mtafiti anaweza kuona jina lilianza lini, lilipanda kwa kasi gani, na lilishuka baada ya tukio gani.

Sauti na picha zinazoletwa nayo

Mwaka 1929 mwanasaikolojia Mjerumani Wolfgang Köhler aliandika juu ya jaribio dogo lililokuja kuwa maarufu. Watu walionyeshwa michoro miwili, mmoja wa mviringo na mwingine wenye ncha kali, kisha wakaulizwa upi unaitwa "takete" na upi unaitwa "baluba". Maneno hayo yalitungwa tu, hayakuwa na maana yoyote kwao, lakini wengi waliupa mchoro wenye ncha jina "takete". Mwaka 2001 V. S. Ramachandran na Edward Hubbard walilirudia kwa maneno "bouba" na "kiki", wakaripoti kwamba asilimia 95 au zaidi ya watu waliliona "bouba" kuwa la mviringo na "kiki" kuwa lenye ncha. Katika mwaka uleule wa 1929, mwanaisimu Edward Sapir alikuwa amewauliza watu ni meza ipi iliyo kubwa kati ya mbili alizozibandika majina "mal" na "mil". Wengi walijibu kuwa "mal" ndiyo kubwa.

Sababu mojawapo inayotolewa ni namna sauti zinavyotengenezwa kinywani. Sauti kama k, t na p huzuia pumzi na kuiachia kwa ghafla. Sauti kama m, n na l huiacha sauti itiririke bila kukatika. Irabu i hutamkwa kinywa kikiwa kimebanwa, wakati a hukifungua kinywa wazi. Sikio huyapokea haya yote, na akili huyaunganisha na umbo, ukubwa na hata tabia.

Majina ya watu hayakuepuka mkondo huo. Mwaka 2015 David Sidhu na Penny Pexman wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walionyesha kwamba watu hulilinganisha jina kama Bob na umbo la mviringo, na jina kama Kirk na umbo lenye ncha. Ndiyo maana msikilizaji anaweza kumtarajia mtu asiyemjua awe mpole au mkali kwa sababu ya herufi chache tu. Matarajio hayo ni ya msikilizaji. Sauti ya jina haimjengi mtoto tabia, bali humwandalia wageni namna ya kumdhania.

Jina la kike, jina la kiume

Swali la kwanza ambalo sikio hujaribu kulijibu ni kama mwenye jina ni msichana au mvulana. Katika Kiingereza majina ya wasichana mara nyingi ni marefu zaidi na huishia kwa irabu, hasa a: Olivia, Sophia, Amelia. Majina ya wavulana kwa kawaida ni mafupi na huishia kwa konsonanti: Jack, Mark, Robert. Mwaka 1995 Stanley Lieberson na Kelly Mikelson walichapisha utafiti kuhusu majina mapya yaliyobuniwa na wazazi Wamarekani Weusi, majina ambayo hayakuwa katika kitabu chochote. Watu waliosomewa majina hayo walikisia jinsia ya mtoto kwa usahihi mara nyingi. Wazazi walikuwa wamebuni majina, lakini walifuata kanuni za sauti ambazo jamii nzima ilikuwa nazo.

Kanuni hizo hutofautiana kati ya lugha na lugha. Andrea ni jina la kiume Italia, na wapenzi wa soka wanamfahamu Andrea Pirlo, lakini Ujerumani na Marekani jina hilohilo ni la kike. Nikola ni la kiume Serbia, nchi yenye fahari kubwa juu ya Nikola Tesla. Kwa masikio ya Mswahili irabu ya mwisho haiamui kitu, kwa kuwa maneno karibu yote ya lugha yake huishia kwa irabu. Juma, Musa, Hamza na Baraka ni wanaume, Asha, Amina na Neema ni wanawake, na Zainabu na Mariamu ni wanawake ambao majina yao huishia kwa u. Miongoni mwa Waluo alama ya jinsia husikika mwanzoni mwa jina: Otieno ni mvulana aliyezaliwa usiku na Atieno ni msichana, Okoth ni mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua na Akoth ni msichana.

Tofauti hizi zinaonekana vizuri jina linapovuka bahari. Tamthilia ya Marekani Star Trek, iliyoanza kurushwa mwaka 1966, ilikuwa na ofisa wa kike aitwaye Uhura. Jina hilo lilitokana na neno la Kiswahili uhuru, irabu ya mwisho ikageuzwa kuwa a ili lisikike kama jina la mwanamke kwa Wamarekani. Nchini Kenya, neno hilohilo bila kubadilishwa lilikuwa tayari jina la mwanamume: Uhuru Kenyatta, aliyekuja kuwa rais wa nne, alizaliwa mwaka 1961 wakati nchi ikielekea kujitawala.

Wepesi wa kutamka na nguvu ya mazoea

Jina linalotamkika kwa urahisi hupendwa zaidi. Mwaka 2012 Simon Laham wa Chuo Kikuu cha Melbourne na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wenye majina mepesi kutamka hutazamwa kwa jicho zuri kuliko wenye majina yanayoukwaza ulimi. Kabla yao, mwaka 1968, mwanasaikolojia Robert Zajonc alikuwa ameonyesha kwamba kitu kikirudiwarudiwa mbele ya mtu, humpendeza zaidi hata kama hakijui vizuri. Kwa majina, mambo haya mawili huenda pamoja: kinachotamkika hurudiwa, na kinachorudiwa huzoeleka.

Kiswahili kimelifanyia kazi jambo hili kwa karne nyingi. Majina ya Kiarabu yalipoingia pwani na kusafiri bara, mengi yaliongezewa irabu ili yakae vizuri kinywani: Fatma likawa Fatuma, Ramadhan likawa Ramadhani, Rashid likawa Rashidi. Majina ya Biblia yalipita njia hiyo pia, ndiyo maana kuna Petro, Paulo na Yohana. Zanzibar na Mombasa bado husikika Khamis na Salim, na bara Hamisi na Salimu. Namna ya kulitamka na kuliandika jina humwambia msikilizaji mwenye jina ametoka wapi, na maoni huanzia hapo.

Majina yanayopanda kwa ukoo

Mtindo wa majina hauendi kwa jina mojamoja. Sauti ikishapendwa, majina mengi yenye sauti hiyo hupanda pamoja. Mfano unaojulikana sana ni wa wavulana wa Marekani mwanzoni mwa karne hii. Aiden, Jayden, Brayden, Kayden na Hayden yalienea kwa wakati mmoja, wazazi wengi wakitafuta jina la pekee lakini wakilitafuta ndani ya sauti ileile. Matokeo yake ni darasa lenye watoto watano ambao majina yao yanatofautiana kwa herufi ya kwanza tu.

Ushahidi wa kushangaza wa jambo hili ulitolewa mwaka 2012 na Jonah Berger na wenzake, waliochunguza majina ya watoto wa Marekani kwa zaidi ya miaka 125. Waligundua kwamba jina huwa na nafasi kubwa ya kupendwa ikiwa sauti zake zimekuwa zikisikika sana katika kipindi kilichotangulia. Walitumia hata vimbunga, ambavyo hupewa majina ya watu na kutajwa kwenye habari usiku na mchana. Baada ya kimbunga Katrina kuipiga New Orleans mwaka 2005, jina Katrina lilishuka, kwa kuwa halikuweza kutenganishwa na maafa. Lakini majina mengine yaliyoanza kwa sauti ya K yaliongezeka kwa karibu asilimia 9. Wazazi walilikimbia jina, huku masikio yao yakibaki na sauti.

Jina linapoimbwa na kuigizwa

Athari ya utamaduni wa burudani ilionekana mapema. Mwaka 1935, mwigizaji mtoto Shirley Temple alipokuwa kipenzi cha majumba ya sinema, Shirley lilishika nafasi ya pili kati ya majina ya wasichana Marekani. Mwaka 1947 wimbo "Linda" wa mtunzi Jack Lawrence ulivuma redioni, na mwaka huohuo Linda likaliondoa Mary kwenye nafasi ya kwanza, nafasi ambayo Mary lilikuwa limeishikilia tangu kumbukumbu zianze mwaka 1880. Linda likakaa juu hadi mwaka 1952.

Madison ni mfano wa jina lililoundwa na filamu karibu kutoka mwanzo. Katika filamu Splash ya mwaka 1984, nguva aliyegeuka mwanamke anajichagulia jina baada ya kuona kibao cha barabara ya Madison Avenue mjini New York, na mwanamume aliye naye anamwambia hilo si jina. Mwaka uliofuata Madison liliingia katika majina 1,000 ya wasichana yanayotumika zaidi, na mwaka 2001 likashika nafasi ya pili nchi nzima. Wengi waliowapa binti zao jina hilo wakati huo hawakuwa wakiifikiria filamu tena. Jina lilikuwa limejitenga na chanzo chake na kuwa jina la kawaida.

Kwa Wamarekani Weusi, burudani ilifungua pia njia ya kuelekea Afrika. Tamthilia ya Roots, iliyotokana na kitabu cha Alex Haley, ilirushwa Januari 1977, na jina Kizzy, la binti wa Kunta Kinte, likatokea ghafla kwenye orodha mwaka huo kisha likafifia baada ya miaka michache. Kabla ya hapo, mwaka 1966, mwanaharakati Maulana Karenga alikuwa ameanzisha sikukuu ya Kwanzaa yenye misingi saba iliyopewa majina ya Kiswahili. Kati ya misingi hiyo, Imani na Nia yaligeuka majina ya wasichana. Kujichagulia na Ujamaa hayakupata bahati hiyo, na sauti inaeleza sehemu ya sababu: Imani na Nia ni mafupi, laini, na yanafuata mkondo wa majina ya kike ambao masikio ya Marekani yalikuwa yameuzoea. Zuri, jina lingine lenye asili ya Kiswahili, lilipata mhusika katika tamthilia ya watoto ya Disney iitwayo Jessie, iliyoanza mwaka 2011, na katika miaka iliyofuata limekuwa likipewa wasichana wengi.

Hata hivyo, si kila jina la mhusika maarufu hupanda, na si kila jina lililopanda lilipandishwa na mhusika. Stanley Lieberson, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kiitwacho A Matter of Taste, alisisitiza kwamba mara nyingi waandishi wa filamu na wazazi huvutwa na mkondo mmoja wa ladha. Isabella ni mfano mzuri. Wengi hudhani jina hilo lilipandishwa na hadithi za Twilight, zenye mhusika mkuu wa jina hilo na ambazo filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2008, na kweli Isabella lilishika nafasi ya kwanza mwaka 2009. Lakini lilikuwa tayari ndani ya majina kumi ya juu mwaka 2004, kabla kitabu cha kwanza hakijachapishwa. Filamu ililiongezea mwendo jina lililokwisha kuanza safari.

Jina geni kabisa linaweza pia kupata wazazi ikiwa sauti zake hazigombani na za wakati wake. Tamthilia ya Game of Thrones ilipoanza mwaka 2011, Khaleesi halikuwa jina la mtu bali cheo katika lugha iliyobuniwa kwa ajili ya hadithi hiyo. Mwaka 2018 wasichana 560 wa Marekani walipewa jina hilo.

Jina likigeuka mzigo

Umaarufu uleule unaolipandisha jina unaweza kulichafua. Kevin liliongoza majina ya wavulana Ujerumani mwaka 1991, baada ya filamu ya kuchekesha ambayo kwa Kijerumani iliitwa Kevin – Allein zu Haus, na wakati nyota ya mwigizaji Kevin Costner iking'aa. Baada ya miaka michache jina hilo lilianza kuonekana kama alama ya familia zisizo na elimu. Mwaka 2009 utafiti wa Julia Kube katika Chuo Kikuu cha Oldenburg ulionyesha kwamba walimu wa shule za msingi walikuwa na dhana mbaya kuhusu watoto wenye majina kama Kevin na Chantal, na dhana nzuri kuhusu wenye majina kama Charlotte na Alexander. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina bali ni utambuzi wa ugonjwa. Watoto waliohukumiwa hivyo hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Alexa limeshuka kwa njia nyingine. Mwaka 2015 zaidi ya wasichana 6,000 wa Marekani walipewa jina hilo. Mwishoni mwa 2014 kampuni ya Amazon ilikuwa imeanza kuuza kifaa cha nyumbani kinachoamriwa kwa kuitwa Alexa, na kufikia mwaka 2020 idadi ya wasichana wapya wa jina hilo ilikuwa chini ya 2,000. Isis, jina la mungu wa kike wa Misri ya kale, lilitoka katika majina 1,000 ya juu baada ya mwaka 2014, herufi zake zilipoanza kutumiwa kulitaja kundi la wapiganaji wa Iraq na Syria.

Kuna pia adhabu ya kasi yenyewe. Jonah Berger na Gaël Le Mens walichunguza majina ya Ufaransa na Marekani kwa zaidi ya karne moja, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba majina yanayopanda haraka ndiyo yanayoshuka haraka. Wazazi huliona jina lililovuma ghafla kuwa la msimu, nao huliepuka wakihofia kwamba mtoto atatambulika kwa mwaka aliozaliwa.

Afrika Mashariki kati ya ukoo na mvumo

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki nafasi ya mvumo huwekewa mipaka na ukoo na dini. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, kwa hiyo jina hilo huwa limekwisha kuamuliwa kabla mtoto hajazaliwa. Mitindo ya filamu na muziki huingia kupitia jina la ubatizo, ambalo wazazi huwa na uhuru nalo. Kwa Waislamu wa pwani, majina ya Mtume, jamaa zake na maswahaba hudumu kizazi hadi kizazi, na mabadiliko huonekana zaidi katika uchaguzi wa jina lipi kati ya hayo, na katika namna ya kuliandika.

Majina ya matukio nayo yana mizizi humu. Shida, Mashaka, Zawadi na Furaha ni majina yanayosimulia hali ya nyumba mtoto alipozaliwa. Utamaduni huu ndio uliowafanya wazazi wa Kisumu na maeneo jirani wawape watoto majina Barack na Michelle baada ya Barack Obama kushinda uchaguzi wa urais wa Marekani Novemba 2008. Baba yake Obama alitoka Siaya, na kumpa mtoto jina la mtu au tukio kubwa la siku hizo lilikuwa jambo la kawaida kwa Waluo muda mrefu kabla ya runinga. Vyombo vya habari vilileta tukio, na mila ikatoa nafasi ya kulitunza.

Gharama ya hukumu, na la kufanya

Maoni juu ya majina yangekuwa mazungumzo ya barazani tu kama yasingegusa maisha. Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti ambao ndani yake walituma karibu wasifu 5,000 wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Wasifu ulipokuwa na jina linalosikika kuwa la Mzungu, kama Emily au Greg, uliitwa kwa usaili mara nyingi zaidi, kwa takribani asilimia 50, kuliko ulipokuwa na jina kama Lakisha au Jamal. Sifa za waombaji zilikuwa sawa. Tofauti ilikuwa jina.

Wazazi wanaochagua jina wanaweza kufaidika na elimu hii bila kuwa watumwa wake. Ni vizuri kulijaribu jina kwa kulisema kwa sauti, pamoja na jina la baba na la ukoo, na kwa kila lugha ambayo mtoto atakutana nayo shuleni na kazini. Jina lililopendwa kwa sababu ya msanii au mhusika linafaa kupewa muda kabla ya kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, ili ijulikane kama litapendeza hata mvumo ukipita. Jina la bibi au babu linaloonekana la kizamani leo linaweza kurudi katika mtindo, kama yalivyorudi mengi Ulaya na Marekani.

Jukumu kubwa zaidi liko kwa wanaolisikia jina, hasa walimu na waajiri, kwa kuwa ndio wenye uwezo wa kumfungulia mtu mlango au kumfungia. Kazi ya mwanafunzi inaweza kusahihishwa jina likiwa limefunikwa, na maombi ya kazi yanaweza kupitiwa kwanza kwa sifa. Jina lilichaguliwa na wengine, kwa sauti zilizopendwa wakati wake na nyimbo zilizovuma wakati wake. Mtoto hakushirikishwa, na haki yake ni kupimwa kwa anachokifanya.